Mwaka wa ng'ambo ndani ya ng'ambo: shahada ya biashara na lugha bila kuchanganyana

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na maonesho ya vyuo vikuu yakianza pale Mnazi Mmoja, magrupu ya WhatsApp ya wazazi wa Dar es Salaam hujaa vipeperushi. Hakikosekani kimoja cha chuo cha Uingereza: Shahada ya Biashara ya Kimataifa na Kifaransa, miaka 4, ikiwemo mwaka mmoja ng'ambo. Hapo ndipo maswali yanapoanza. Mama mmoja anauliza, kwani hiyo miaka minne yote si ng'ambo? Huo mmoja ni upi tena? Baba wa pili anataka kujua mtoto akimaliza atakuwa mfanyabiashara au mkalimani. Wa tatu, ambaye kila grupu linaye, anasema jamani msihangaike, lugha mtu anaiokota hukohuko kwa miezi mitatu.

Wana haki ya kuuliza. Shahada hizi zilibuniwa Ulaya kwa ajili ya vijana wa Ulaya, na maelezo yake yanachukulia kwamba msomaji ni kijana wa Leeds au Cardiff anayesoma nchini kwao. Kijana wa Tabata akiyafuata jinsi yalivyoandikwa, atajikuta amepanga bajeti ya safari moja wakati safari ni mbili.

Biashara ya kimataifa ni somo gani?

Wengi wakisikia jina hilo wanawaza safari ya Guangzhou na mabegi ya mzigo. Hiyo nayo ni biashara ya kimataifa, na wanaoifanya Kariakoo wanaijua kuliko wahadhiri wengi. Darasani, kinachosomwa ni yale yanayobadilika bidhaa, fedha au mkataba unapovuka mpaka. Sarafu inabadilika, sheria inabadilika, namna ya kupatana inabadilika, na linazuka swali la nani anabeba hasara mzigo ukiwa njiani.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo anaagiza vyombo vya jikoni kutoka Yiwu, Uchina. Muuzaji anamwandikia: dola 20,000, FOB Ningbo. Jirani yake wa duka la pili amepewa bei na kiwanda kingine kwa mzigo wa aina na idadi ileile: dola 22,500, CIF Dar es Salaam. Nani kapata bei nzuri? Mtu wa haraka atasema wa kwanza. Lakini FOB maana yake ni kwamba muuzaji kazi yake imekwisha mzigo ukishapakiwa melini Ningbo. Nauli ya meli na bima ni juu ya mnunuzi. Kwenye CIF, muuzaji ameshalipa nauli na bima mpaka Dar. Tuseme nauli na bima jumla ni dola 3,500. Wa kwanza mzigo wake umemfikia kwa 23,500, kwa hiyo aliyeonekana kapigwa ndiye aliyenunua rahisi. Na TRA hawatamtoza yule wa kwanza kwa ile 20,000 iliyoandikwa kwenye ankara. Thamani ya forodha hapa kwetu hukokotolewa kwa CIF, nauli na bima zikiwa ndani, kisha VAT ya asilimia 18 inawekwa juu ya thamani hiyo pamoja na ushuru.

Kuna jambo jingine wanaloteleza hata wazoefu. Katika CIF muuzaji amelipa nauli mpaka Dar, sawa, lakini mzigo ukiharibika baharini hasara ni ya mnunuzi. Hatari ilishahamia kwake mzigo ulipopanda meli Ningbo, na ni yeye atakayehangaika na kampuni ya bima. Herufi hizo tatu tatu ni sehemu ya kanuni za Chama cha Biashara cha Kimataifa chenye makao Paris. Zilitolewa mara ya kwanza 1936, na toleo la 2020 lina masharti 11 ya aina hiyo.

Hilo ni somo la wiki moja au mbili. Mengine ni kama shilingi ikishuka kati ya siku ya kuagiza na siku ya kulipa inakuwaje, malipo kupitia ile dhamana ya benki ambayo watu wa benki huiita LC, masoko, uhasibu, na kuongoza wafanyakazi wa mataifa mbalimbali. Mwaka wa kwanza hautofautiani sana na shahada yoyote ya biashara. Kuna uchumi, uhasibu na takwimu. Asiyependa hesabu asijifiche humu akidhani lugha itamwokoa.

Lugha ni kiasi gani?

Vyuo vya Uingereza vina shahada za aina mbili zinazofanana kwa jina. Kuna ambayo biashara ndiyo kuu na lugha inachukua robo au theluthi moja ya masomo, na kuna ambayo viwili hivyo vinagawana nusu kwa nusu. Ya kwanza ni wali kwa maharage, sahani imejaa wali na maharage yako pembeni. Ya pili ni makande, mahindi na maharage yamepikwa chungu kimoja na huwezi kuyatenga. Anayetaka kufika mbali katika uhasibu au fedha aangalie asije akapakuliwa makande, maana kila somo la lugha linaloingia linatoa somo moja la biashara. Kipeperushi hakikuambii hilo. Orodha ya masomo ya kila mwaka ndiyo inayosema, na ajenti akishindwa kukupa orodha hiyo, iombe chuoni moja kwa moja.

Hofu ya yule baba kwamba mtoto atakuwa mkalimani haina msingi. Ukalimani na tafsiri ni fani zenye mafunzo yake, tena magumu. Hapa lugha inasomwa ili mtu aweze kusoma mkataba, kukaa kikaoni, kuandika barua pepe isiyomwaibisha na kugundua pale mwenzake anaposema "tutaona" akimaanisha hapana.

Sasa ile miezi mitatu. Duniani leo ngazi za lugha zinapimwa zaidi kwa mizani ya Baraza la Ulaya iliyotolewa 2001: A1, A2, B1, B2, C1, C2. A1 ni kujitambulisha na kuagiza chai. B2 ni kufuatilia mhadhara na kujibizana bila kumchosha mwenzako, na ndiyo ngazi ambayo vyuo vingi vya Ufaransa huitaka kwa masomo yanayofundishwa kwa Kifaransa. Kati ya hizo mbili kuna mamia ya saa. Taasisi inayofundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani, ambayo wanafunzi wake wanalipwa mshahara kukaa darasani kutwa nzima, hukadiria wiki 30 kwa Kifaransa, wiki 36 kwa Kiswahili chetu, na wiki 88, yaani saa kama 2,200, kwa Kichina. Makadirio hayo ni ya mtu anayeongea Kiingereza tangu utotoni, lakini uwiano unatosha kutufundisha kitu. Anayekwenda darasa la jioni mara mbili kwa wiki, saa mbili kila siku, akimaliza miezi mitatu atakuwa amekaa darasani saa 48 hivi. Hizo zinamfikisha kwenye chai.

Ndiyo maana wanaoanza lugha kutoka sifuri na wanaoingia wakiwa na msingi huwekwa madarasa tofauti. Kijana aliyesoma tahasusi ya KLF, yenye Kifaransa ndani, ana faida ambayo wazazi wengi hawaioni. Wenzake wanahangaika na vitenzi mwaka wa kwanza, yeye anasoma kurasa za uchumi za magazeti ya Paris.

Miaka mitatu inayofanana majina

Mkanganyiko mkubwa kuliko yote uko hapa, na mawakala wanauacha hivyohivyo kwa sababu unawasaidia kuuza. Kuna "mwaka wa ziada" wa aina tatu.

Upo mwaka wa maandalizi, unaokuja kabla ya shahada, kwa mwanafunzi ambaye cheti chake cha nyumbani hakijakubaliwa kuingia mwaka wa kwanza moja kwa moja. Huo hauhusiani na lugha ya kigeni wala kusafiri. Upo mwaka wa lugha, nao pia huja kabla. Anayepata ufadhili wa serikali ya Uturuki kwa kozi ya Kituruki hukaa mwaka mzima akisoma lugha hiyo ndipo aingie kwenye shahada, na Uchina kuna utaratibu wa namna hiyo kwa kozi zinazofundishwa Kichina. Halafu ndiyo upo mwaka wa ng'ambo wenyewe, unaokaa katikati ya shahada, kwa kawaida mwaka wa tatu kati ya minne. Mwanafunzi anatoka chuoni kwake, anakwenda nchi ya lugha anayosoma, kisha anarudi kumaliza mwaka wa nne.

Akiwa huko anaweza kufanya moja kati ya mambo mawili, au kuyachanganya: kusoma katika chuo mshirika, au kufanya mafunzo kazini kwenye kampuni. Anayesoma anakusanya alama za masomo zinazohamishika. Mwaka mzima wa Ulaya una alama 60, ambazo Uingereza wanazihesabu 120 kwa mizani yao. Anayefanya kazi anarudi na ripoti na jina la mwajiri la kuweka kwenye wasifu. Kwa maoni yangu kazi ina faida zaidi, hasa Ufaransa, ambako sheria inalazimisha kampuni kumlipa posho mwanafunzi anayefanya mafunzo ya zaidi ya miezi 2. Ila kupata nafasi hiyo kunataka barua nyingi za maombi, na barua hizo zinaandikwa kwa Kifaransa. Asiyekuwa na B1 ya kueleweka ataishia darasani.

Wanaosema mwaka huo ni likizo wanasahau kwamba mwanafunzi atakuwa anafanya mtihani wa uhasibu kwa lugha ya tatu au ya nne maishani mwake. Na kiasi ambacho alama za huko zinaingia kwenye daraja la mwisho la shahada kinatofautiana. Vyuo vingine vinataka ufaulu tu, vingine vinahesabu kila alama. Uliza kabla.

Ng'ambo mbili, viza mbili

Kwa kijana wa Leeds, safari ya mwaka mmoja kwenda Lyon ndiyo ng'ambo. Kwa kijana wa Tabata, Leeds yenyewe ni ng'ambo. Lyon ni ng'ambo ya pili, na kila ng'ambo ina mlango wake.

Viza ya masomo ya Uingereza haimruhusu mtu kuingia Ufaransa hata kwa wikiendi. Mtanzania atakayekwenda Lyon ataomba viza ya muda mrefu ya Ufaransa, na anaweza kuiombea akiwa Uingereza kwa kuwa ndiko anakoishi kihalali. Ataonesha upya fedha za kujikimu, bima ya afya na barua ya chuo mshirika. Na chuo cha Uingereza kinapaswa kuendelea kumdhamini kwa idara yao ya uhamiaji ili apate mlango wa kurudi mwaka wa nne. Hilo linawezekana iwapo mwaka wa ng'ambo ni sehemu rasmi ya shahada. Ukiwa umejipangia mwenyewe, habari ni nyingine. Tangu Januari 2021, baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, hata Waingereza wenyewe wanaomba viza kwa safari hiyo, kwa hiyo ofisi za vyuo sasa zimezoea kazi hii kuliko zamani.

Anayesoma Ujerumani ana njia nyepesi kidogo. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2016 inamruhusu mwanafunzi kutoka nje ya Umoja, mwenye kibali cha ukaazi cha nchi mwanachama, kwenda kusoma nchi nyingine mwanachama hadi siku 360 bila kuanza viza upya, mradi vyuo viwili hivyo vina makubaliano na mamlaka zimejulishwa. Denmark na Ayalandi hazimo kwenye mpango huo. Faida nyingine ya Ujerumani ni kwamba vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo. Jimbo la Baden-Württemberg ndilo linalojulikana kwa kuwatoza wanafunzi wasio wa Umoja wa Ulaya, euro 1,500 kwa muhula, tangu 2017.

Lakini "bure" ya Ujerumani imewatoa machozi wazazi kadhaa. Kabla ya viza, mwanafunzi anatakiwa kuonesha fedha za kuishi mwaka mzima, na njia ya kawaida ni akaunti maalumu iliyofungwa. Kiwango kilichowekwa Septemba 2024 ni euro 11,904, na benki inamfungulia 992 tu kwa mwezi. Fedha ni za mwanafunzi mwenyewe, hazipotei, ila lazima ziwepo zote kwa mkupuo kabla hajapanda ndege. Mzazi aliyepanga kutuma kidogo kidogo kila mwezi anakwama hapo.

Kuhusu ada ya mwaka wa ng'ambo, vipeperushi vya Uingereza husifia kwamba mwanafunzi hulipa kidogo sana mwaka huo. Ni kweli kwa raia wao. Sheria ya England inakiwekea chuo ukomo wa asilimia 15 ya ada ya juu kwa mwanafunzi wa nyumbani anayekaa mwaka mzima nje. Kwa mwanafunzi wa kimataifa chuo kinajipangia. Kimoja kitapunguza nusu, kingine zaidi, kingine kidogo tu. Swali la kumtumia ajenti kwa maandishi ni hili: mwanangu, mwenye pasipoti ya Tanzania, atalipa pauni ngapi mwaka wa tatu? Jibu lake liwe la maandishi vilevile.

Lugha ipi, basi?

Mpaka hapa tumeongea kama vile lugha ni ile iliyoandikwa kwenye kipeperushi. Mimi ningeanza upande wa pili, kwenye bandari yetu. Somo la biashara lenyewe unaweza kulipata popote, hata kwenye vyuo vyetu vya IFM au CBE pale mjini. Lugha ndiyo inayoifanya shahada hii iwe na thamani ya pekee, na thamani yake inategemea mzigo unatoka na kwenda wapi.

Kifaransa kwa Dar es Salaam si lugha ya Paris kwanza. Ni lugha ya Lubumbashi, Bujumbura na Goma. Shaba ya Kongo inashuka kwa malori kupitia Tunduma hadi bandarini hapa, na bidhaa zinazokwenda Kongo zinapandia hapahapa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Benki ya CRDB, iliyokuwa Burundi tangu 2012, ilifungua kampuni tanzu Lubumbashi mwaka 2023.

"Lakini Wakongo wanaokuja Kariakoo si wanaongea Kiswahili?" Wanaongea, na kizuri. Bei utaipatana kwa Kiswahili, mtacheka, mtakunywa soda. Shida inaanza kwenye karatasi. Forodha ya Kongo inafanya kazi kwa Kifaransa, mikataba inaandikwa kwa Kifaransa, na ukidhulumiwa, sheria utakayoshtakia ni ya OHADA, umoja wa nchi 17 za Afrika ulioundwa kwa mkataba wa 1993 ili ziwe na sheria moja ya biashara. Kongo ilijiunga 2012. Sheria hiyo haifanani na hii yetu yenye mizizi ya Kiingereza, hata namna ya kusajili kampuni au kuweka mali rehani ni tofauti. Kijana mwenye shahada ya biashara anayeweza kusoma maandishi ya OHADA bila kumtafuta mtu wa kumtafsiria, kampuni za usafirishaji na benki za hapa zina kazi naye.

Kichina kina hoja inayojieleza yenyewe kwa yeyote aliyewahi kufungua boksi la mzigo. Na hapa kuna jambo ambalo halisemwi sana. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa 2013, inaendeshwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Ualimu cha Zhejiang, kilichoko mji wa Jinhua. Yiwu, soko kubwa la jumla ambako wafanyabiashara wetu wanachukua mzigo, liko ndani ya eneo la utawala la Jinhua. Anayekwenda kusoma huko kwa ufadhili anakuwa jirani na wauzaji ambao wengine wanawajua kwa sauti za WeChat tu.

Kireno kinapuuzwa, ingawa Msumbiji iko ng'ambo ya Ruvuma tu na Daraja la Umoja la Mtambaswala limefunguliwa tangu 2010. Kijerumani na Kihispania ni lugha nzuri, ila mtu ajue anazisomea soko la huko kuliko la hapa.

Kuipika mwenyewe

Si lazima mtu anunue kifurushi kizima. Mwanafunzi wa biashara hapa mjini anaweza kusoma Kifaransa Alliance Française pale Upanga, Kijerumani Goethe-Institut, Kichina Mlimani, au kuangalia kozi za lugha za Chuo cha Diplomasia Kurasini, kilichozaliwa 1978 kwa ushirikiano wa Tanzania na Msumbiji. Akifika ngazi ya maana ndipo anaomba mwaka mmoja wa lugha nje, na ufadhili wa Uchina una nafasi za mwaka mmoja kwa mwenye cheti cha HSK, mtihani wa Kichina. Anakosa jina la kupendeza la shahada. Anabaki na elimu ileile na deni dogo. Kwa familia isiyo na uwezo wa kulipia ng'ambo mbili, mimi ningeanzia hapo bila kuona haya.

Aliyeamua kwenda kwa kifurushi kizima, aulize TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kuhusu utambuzi wa chuo na shahada kabla ya kulipa hata senti ya kushikia nafasi, hasa kama ni shahada ya vyuo viwili yenye vyeti viwili. Na njia yoyote atakayochukua, aweke kalenda ya mitihani ya lugha sawasawa. Cheti cha DELF cha Kifaransa hakina mwisho wa matumizi, kwa hiyo aliyefaulu B1 akiwa kidato cha sita anakibeba maisha yake yote. Matokeo ya HSK kwa maombi ya kusoma Uchina yanahesabiwa miaka 2 tu. Anayeufanya mapema mno, kisha akaahirisha maombi, atarudi kuketi tena kwenye chumba kilekile cha mtihani na kulipa tena.